Kidonda cha mguu wa punda kinachokataa kupona

Mzee mmoja kutoka upande wa Mvumi, mkoani Dodoma, alipanga chupa nne juu ya kaunta ya duka letu la dawa za mifugo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa vielelezo barazani. Ya kwanza ilikuwa GV, ile dawa ya zambarau. Ya pili ilikuwa dawa ya bluu ya kupuliza. Ya tatu OTC ya sindano, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, imebaki robo. Ya nne ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ndani yake oili chafu ya trekta.

"Zote nimemtia," akasema. "Hii ya sindano nimemchoma mwenyewe. Mwezi wa tatu huu. Mwanangu, nipe dawa kali kuliko hizi."

Kila kifuku kikifika nusu, maombi ya namna hiyo huanza kuja. Punda ana vidonda miguuni, juu kidogo ya kwato, vina vigaga, vinanuka, vinapoa wiki moja na kurudi wiki inayofuata. Mwenye punda anataka dawa kali. Siku ile nyuma ya mzee kulikuwa na watu watano wakisubiri, nikamjibu kwa mkato, naye akaondoka hajaridhika. Hili ndilo jibu refu nililomnyima.

Jambo la kwanza ni kwamba hakuna ugonjwa unaoitwa "kidonda cha mguu". Hilo ni jina la mahali. Wenzetu wenye farasi wengi nao wana majina ya namna hiyo hiyo: Waingereza huuita homa ya tope, ingawa mara nyingi mnyama hana homa, Wamarekani huuita mikwaruzo, ingawa si lazima awe amekwaruzwa. Wengine husema kisigino chenye mafuta, kwa sababu ya utandu unaonata pale ugonjwa unapokomaa. Madaktari wa mifugo siku hizi wanakubaliana kwamba majina yote hayo ni ya dalili tu, na chini yake hukaa magonjwa kadhaa yasiyo na undugu.

Fikiria homa kwa binadamu. Malaria ina homa, taifodi ina homa, ugonjwa wa njia ya mkojo una homa. Mwenye taifodi ukimpa dawa ya mseto, hata umpe dozi tatu mfululizo, atabaki na homa yake, nawe utasema malaria yake ni sugu. Hapana malaria hapo. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya vidonda "sugu" vya miguu ya punda ninavyoletewa habari zake: dawa haikushindwa na mdudu, ilipelekwa kwa mdudu asiyekuwepo. Na pale mdudu alipokuwepo kweli, kilichomshinda mwenye punda ni kile kinachomfungulia mdudu mlango kila asubuhi.

Mguu wenyewe

Mshike punda aliyetulia, shuka na kiganja kutoka gotini hadi kwenye kwato. Utagusa mfupa, kano, na ngozi. Nyama hakuna. Misuli yote inayouendesha mguu imekaa juu, na chini huteremka kano peke yake, kama kamba za hema. Maana yake ni kwamba damu inayofika kule ni kidogo ukilinganisha na mgongoni au shingoni, na ni damu inayoleta kinga na kuponya kidonda. Halafu ngozi ya kule imevutwa juu ya mfupa, haina nafasi, na kila hatua inaikunja na kuikunjua, hasa kwenye kile kibonde cha nyuma kati ya kifundo na kwato. Kidonda kikikaa pale, kila hatua inakifungua upya.

Farasi ana tatizo hili hili, na amechunguzwa zaidi. Jeraha lililo chini ya goti la farasi lina tabia ya kuota nyama nyekundu inayobubujika mpaka kupita ngozi, mithili ya uyoga. Mwili unajaza shimo lakini haujui kuacha, na ngozi mpya haiwezi kupanda kilima hicho ili kufunga kidonda. Nyama hiyo haina mishipa ya fahamu, ila damu imejaa tele. Daktari akiipunguza mnyama hasikii maumivu lakini damu hutiririka kweli kweli. Kwa hiyo usiichukulie kisu cha kuchinjia kuku. Nimeona picha ya mtu aliyefanya hivyo na sihitaji kuona nyingine.

Huku kwetu farasi ni wachache sana, na ndorobo, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana, ana sehemu kubwa ya lawama katika hilo. Punda ndiye tuliye naye. Ndiye anayeshuka bondeni na madumu manne ya lita ishirini mgongoni, kilo themanini za maji, katika wilaya za Chamwino, Kongwa, Bahi, Kondoa. Kwa hiyo mengi ninayoeleza yalichunguzwa kwa farasi, na kwa punda yanafanana kwa sehemu kubwa, lakini si yote. Punda huvunja baadhi ya dawa mwilini kwa kasi tofauti na farasi, ndiyo maana dozi iliyoandikwa kwa ajili ya farasi haihamishwi tu. Joto lake pia ni tofauti: farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, ilhali punda mzima aliyepumzika huwa karibu na 37. Punda mwenye 38.5 ana homa, hata kama kipimo hicho kwa farasi kingekuwa cha kawaida.

Mdudu mwenye jina la Kongo

Unaweza kushangaa ugonjwa wa tope unatafuta nini Dodoma, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600, na kati ya Mei na Novemba mtu anaweza kusahau harufu yake. Lakini hapo ndipo penye shida. Ngozi imekaa miezi saba kwenye vumbi na jua, imekauka, imepasuka nyufa ndogo zisizoonekana. Halafu mvua ya Desemba inashuka yote kwa pamoja. Udongo wa mbuga unageuka gundi. Zizi linakuwa supu ya samadi na mkojo. Mnyama ambaye asili yake ni punda-mwitu wa nchi kame za pembe ya Afrika anasimama ndani ya supu ile usiku kucha, na manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi, yananyonya. Ukimwona punda anakimbilia ubavuni mwa nyumba ya tembe mvua inapoanza, si woga.

Ngozi iliyolowa muda mrefu hulainika kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Chembe za mchanga zinaikwaruza. Hapo anaingia bakteria ambaye alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1915 na daktari wa mifugo Mbelgiji, Van Saceghem, kutoka kwa ng'ombe wa Kongo ya wakati ule. Jina lake la kisayansi, Dermatophilus congolensis, maana yake ni mpenda ngozi wa Kongo. Ni huyu huyu anayewaletea ng'ombe wetu magamba mgongoni wakati wa mvua.

Tabia zake zinaeleza kwa nini anaitwa sugu. Wakati wa kiangazi hukaa ndani ya kigaga kikavu, amelala, na anaweza kulala hivyo kwa miezi mingi. Kikilowa, anatoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye utandu wa maji juu ya ngozi kutafuta pa kuingia. Bila maji haogelei. Bila ngozi iliyokwaruzwa au kulainika hapenyi. Akishapenya, mwili unamjengea ukuta wa usaha, usaha unakauka pamoja na manyoya, na kinatokea kigaga kilichoshika shungi la manyoya. Ukikivuta kinatoka na shungi lake, chini kuna ngozi nyekundu yenye majimaji au usaha wa kijivu, na shungi lenyewe linafanana na brashi ndogo ya rangi. Hiyo ni alama nzuri ya kumtambua. Maabara wakikiponda kigaga hicho, wakakipaka rangi na kukiweka chini ya hadubini, wanaona vijiduara vimepangana safu mbili mbili sambamba, kama njia ya reli. Ni kipimo cha bei ndogo, na jibu lake ni la uhakika kuliko macho yangu au yako.

Sasa tazama chupa za yule mzee. GV na dawa ya bluu alizipuliza juu ya kigaga. Mdudu yuko chini ya kigaga. Ni sawa na kupaka rangi bati ili kuua panya waliomo darini.

Mara nyingi mpenda ngozi huyu hayuko peke yake. Bakteria wa usaha wa kawaida, wale wa jamii ya stafilokokasi wanaokaa hata kwenye ngozi yako, huingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Hawa ndio wenye kipaji cha kweli cha usugu wa dawa. Ukimchoma punda OTC leo, ukaacha, ukarudia baada ya wiki mbili kwa dozi ya kukisia, unawafundisha. Isitoshe, OTC ya sindano kwa jamii ya farasi si maji ya kunywa: inaweza kuvuruga wadudu wema wa utumbo mkubwa na kuleta kuhara kunakoua. Madaktari huitumia, lakini kwa hesabu. Mdudu yule wa Kongo mwenyewe kwa kawaida husikia hata penisilini, na visa vingi vyepesi havihitaji sindano kabisa.

Wanaovaa sura yake

Kama punda anagongagonga miguu chini usiku, anajikuna mguu kwa mguu au anautafuna, fikiria utitiri, yaani upele. Upele wa miguuni hukaa juu juu ya ngozi, unakula mba na magamba, kwa hiyo sindano ya ivermektini inayofanya kazi vizuri kwa minyoo inaweza isimfikie. Tiba yake hasa ni ya kuoshea au kupuliza. Farasi wakubwa wa Ulaya wa kuvuta mizigo, wale wenye manyoya marefu yanayofunika kwato, wanateswa sana na huu.

Kama ni mabaka ya duara yaliyonyonyoka manyoya, hayana usaha mwingi, na mtoto wa nyumbani ameanza kuota mashilingi mkononi, basi ni choa. Ni fangasi, na bakteria wote ukiwaua hautatingishika. Unaambukiza watu pia, vaa glavu.

Kama vidonda viko kwenye sehemu nyeupe tu, miguu iliyovaa soksi nyeupe na labda pua nyeupe, na mpaka kati ya ngozi nzima na mbovu unafuata mpaka wa rangi kama uliochorwa kwa rula, hapo mshitakiwa ni jua. Ngozi isiyo na rangi inaungua kwa sababu kuna kitu ndani ya damu kinachoamshwa na mwanga. Wakati mwingine ni mmea uliolimwa au kuota porini: baadhi ya mimea ya jamii ya marejea ina sumu inayoharibu ini polepole, na ini likichoka, mabaki ya kijani cha majani yanayopaswa kutolewa kwa nyongo yanabaki kwenye damu na kuchomwa na jua pale ngozi ilipo nyeupe. Unapaka mguu miezi, kumbe mgonjwa ni ini. Huyu anahitaji kivuli, malisho mengine, na damu yake kupimwa.

Kama kidonda kinatoa chembe ngumu za njano, kama chenga za mchele, na nzi hawakiachi, kuna minyoo ndani yake. Si funza wa kawaida. Ni viluwiluwi vya minyoo wa tumboni ambavyo nzi hubeba kutoka kwenye kinyesi. Vikitua mdomoni vinamezwa na kufika tumboni kukomaa, vikitua kwenye kidonda vinapotea njia na kuwasha moto pale pale. Hapo ivermektini ina kazi, pamoja na kufukuza nzi.

Kuna na uvimbe unaojifanya kidonda. Virusi vya chunjua za ng'ombe vinaweza kusababisha uvimbe wa ngozi kwa farasi na punda, ndio uvimbe wa ngozi unaowapata zaidi. Ukiuchokoza kwa kuukata nusu au kuuchoma, hukasirika na kurudi mkubwa zaidi. Kidonda kinachokua kwenda nje badala ya kufunga, kikatwe kipande kidogo na mtu mwenye ujuzi kipelekwe maabara kabla ya lolote.

Miguu yote kuvimba maji bila vigaga, mnyama amekonda na anachoka, hasa kama amepita Manyoni au penye ndorobo? Apimwe damu, inaweza kuwa nagana.

Kamba

Niliacha hili kando kwa makusudi, kwa sababu nalipa uzito kuliko wadudu wote niliowataja.

Punda wengi wa huku hufungwa miguu ya mbele wanapoachwa kuchunga, ili wasiende mbali. Kamba inayotumika ni manila, au ile ya nailoni nyembamba, au kipande cha tyubu ya baiskeli. Nailoni haifyonzi jasho, haitanuki, na makali yake hayaonekani. Kila hatua fupi anayoruka inasugua mahali pale pale. Siku ya tatu manyoya yamenyonyoka, siku ya kumi kuna mfereji. Jioni kamba inafunguliwa, kidonda kinapakwa GV, asubuhi kamba inarudi juu ya GV. Mwezi unapita. Kidonda kinaitwa sugu.

Kidonda cha kamba ni rahisi kukitambua: kinazunguka mguu kama bangili, kwenye urefu ule ule kwa miguu yote miwili. Vigaga vya tope havina nidhamu hiyo, vinatapakaa nyuma ya kifundo na kupanda juu. Na viwili hivi vinaoana vizuri mno, kwa sababu kamba iliyolowa tope ni msasa.

Kuna njia za kuepuka. Mkanda mpana wa ngozi au wa turubai uliokunjwa, wenye kitambaa laini ndani, upana wa vidole vinne, unaotosha kidole kimoja kupenya kati yake na mguu. Au kumfunga kwa hatamu kwenye kigingi, akibadilishwa mahali. Au, kama wanavyofanya baadhi ya akina mama wa Chamwino wenye punda wawili, kumwachia mmoja huru na kumfunga mwenzake kwa hatamu. Punda ni mnyama wa urafiki, hamwachi mwenzake. Hiyo ya mwisho haina gharama yoyote na ndiyo ninayoipenda.

(Mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda. Nilifurahi. Halafu nikatazama ngozi za wale waliobaki nasi.)

Namna ya kutibu

Tuseme daktari au bwana mifugo amekagua na kukubali kwamba ni vigaga vya tope, si kimoja kati ya vile vingine. Kazi inaanza kwa kumtoa punda kwenye maji. Si lazima zizi la saruji. Kona moja iliyoinuliwa, ikamwagwa changarawe au moramu iliyoshindiliwa, na mtaro mdogo wa kupitisha maji upande wake wa juu, inatosha kumpa saa kadhaa za miguu mikavu kila siku. Bila hilo usiendelee kusoma sehemu hii, utapoteza fedha.

Kisha kata manyoya ya eneo hilo kwa mkasi, taratibu. Manyoya ndiyo yanayoshika unyevu. Vigaga usivibandue vikiwa vikavu. Inauma, inachana ngozi mpya, na inampa punda sababu ya kukupiga. Asante ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda ni mnyama anayeficha maumivu kuliko karibu wote tunaofuga, na akifika hatua ya kupiga teke unapomgusa mguu, ujue amekwisha kuvumilia mengi. Funga kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano. Vigaga vinavyoteleza vyenyewe vitoe. Visivyoteleza viache vya kesho. Vyote ulivyovitoa vikusanye uvichome moto, maana nimeshasema ndani yake kuna nani.

Halafu osha kwa dawa ya kuua vijidudu. Klorheksidini ya asilimia 2 ni nzuri kwa ngozi. Ayodini ya povidoni inayouzwa kwenye chupa ni ya asilimia 10, ipunguze kwa maji, sehemu moja kwa tisa, mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Watu hupenda ikolee. Ikikolea inaunguza ngozi ile ile unayoiomba ipone. Dawa ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Hizi dakika kumi ndizo zinazoibiwa zaidi katika tiba nzima. Mtu anapaka, anasuuza, anaondoka, na dawa haijapata hata nafasi ya kusalimiana na mdudu. Wawekee redio.

Baada ya kusuuza, kausha. Kausha kweli, kwa kitambaa safi, mpaka kwenye kile kibonde cha nyuma. Nusu ya ufanisi uko hapo. Najua maji Dodoma yana bei na kwamba ni huyo huyo punda aliyeyabeba, lakini kwa miguu minne lita tano zinatosha, na si kazi ya kila siku milele: mara moja kwa siku kwa siku tano hadi saba, kisha mara mbili kwa wiki hadi ngozi iwe laini na manyoya yaanze kuchipua. Kuosha kila siku baada ya hapo kunarudisha unyevu uliokuwa unaufukuza.

Ndiyo maana pia tope la kila siku halioshwi. Acha likauke lenyewe, lipanguse kwa brashi jioni. Brashi hiyo isitumike kwa punda mwingine, wala kamba.

Penye jeraha bichi lililo wazi, tumia maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko viwili vya chai vya chumvi visivyojaa. Yanasafisha bila kuua nyama mpya. Haidrojeni peroksaidi inatoa povu la kuridhisha, lakini yenyewe na spiriti zinaua nyama hiyo. Malai ya zinki, ile nyeupe wanayopakwa watoto wachanga, inafaa kama kinga, ila juu ya ngozi kavu na safi tu. Ukipaka mafuta yoyote juu ya ngozi yenye majimaji umemfunikia mdudu shuka.

Ukifanya hivi, siku ya saba hadi ya kumi uone tofauti. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, usiongeze dawa. Rudi nyuma uulize upya ni ugonjwa gani. Hapo ndipo kigaga kinapelekwa maabara, na vijidudu vya usaha vinaoteshwa kuona dawa ipi inaviua. Gharama yake ukiilinganisha na chupa nne za yule mzee, utashangaa.

Oili chafu sijaisahau. Inafukuza nzi, ndiyo sababu ya sifa zake. Lakini ni mafuta yenye masalia ya vyuma kutoka kwenye injini, yanaunguza ngozi juani, yanafungia unyevu ndani, na punda akijilamba anayala. Kuna kosa jingine lenye hatari zaidi, nami nimeliona likifanywa na muuzaji wa duka moja: kumpa mwenye punda dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, eti itaua na upele. Baadhi ya hizo zina amitrazi. Kwa ng'ombe ni salama. Kwa farasi na punda amitrazi inasimamisha matumbo, kinyesi kinaganda ndani, na mnyama anakufa kwa msokoto wa tumbo akiwa na miguu misafi. Soma kibandiko. Ukiona amitrazi, irudishe kwa ng'ombe.

Mguu mmoja uliovimba ghafla

Haya yote ni mambo ya kwenda taratibu. Mawili hayasubiri.

La kwanza: mguu mmoja kuvimba ghafla, wa moto, umekaza, punda hataki kuukanyaga, na ana homa. Vijidudu vimetoka kwenye ngozi na kuingia kwenye nyama laini chini yake. Hapo sindano zinahitajika, kwa dozi ya daktari, siku hiyo hiyo. Punda akiacha kula kwa maumivu anaingia kwenye hatari nyingine: mafuta ya mwili yanamiminika kwenye damu na kuziba ini, na hilo linaweza kumuua kabla ya mguu.

La pili limebeba jina lake. Pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi, vinapenda kidonda kirefu chembamba kisichopata hewa, na kati ya wanyama tunaofuga hakuna wanaoathirika na pepopunda haraka kama farasi na jamaa zake. Masikio yanasimama wima yamekakamaa, utando wa ndani wa jicho unaruka ukigusa kidevu, mkia unanyanyuka, miguu inatanuka kama ya meza, taya linafunga. Likifika hapo, wengi hawarudi. Chanjo ipo, na kwa punda mwenye vidonda vya kamba miguuni ni ya kuuliza kabla ya GV.

Nilikwenda Mvumi baadaye, kwa shughuli nyingine, nikapita kwa yule mzee. Tulisalimiana, mbukwa, mbukwa, akanipeleka nyuma ya nyumba. Punda alikuwa amefungwa miguu ya mbele kwa manila ya bluu, amesimama kwenye samadi iliyofika kwenye vifundo. Miguu ya mbele ilikuwa na bangili mbili. Ya nyuma ilikuwa na vigaga vya mashungi. Magonjwa mawili kwa mnyama mmoja, na chupa nne zote zilikuwa zikipakwa kwa zamu miguu yote.

"Dawa kali ndiyo hii, mzee," nikamwambia, nikiishika ile kamba.

Akanitazama kwa muda. "Hii si dawa. Hii nimenunua mnadani, shilingi elfu mbili."

Tukaikata kwa panga. Kijana wake akaleta toroli mbili za moramu kutoka barabarani, akazimwaga kwenye kona ya zizi yenye mteremko, na punda akapanda juu yake kabla hata haijasambazwa.